Bure, Ila Uwe na Bando

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani, kitenge na kazi moja ya ziada. Kitenge nimeshashona, saa inatembea. Kazi ya ziada ndiyo hii: walimu vijana wa shule niliyoiacha huku Nkende wameniomba niwaandikie namna nilivyotumia vitu vya bure vya mtandaoni darasani, kwa sababu miaka yangu ya mwisho nilikuwa mwalimu wa TEHAMA. Wadhifa huo niliupata kwa sifa moja tu. Mwalimu mkuu aliuliza kwenye kikao nani anajua mambo ya mtandao, na kabla mtu hajajibu, simu yangu ikalia.

Vyeo vingine na mishahara sitavigusa. Vyeo havitoshi kujaza aya, na mshahara mnaupata wenyewe, mnaujua.

Nilianzia Kisaka, wilaya ya Serengeti. Mimi ni mtu wa Singida, na nilifika pale na sanduku la bati, cheti cha ualimu na hotuba kadhaa nilizoziandaa njiani. Asubuhi ya kwanza darasa lilikuwa nusu tupu. Baadaye likaingia kundi zima la watoto, wamelowa umande hadi magotini, na msemaji wao akasema, "Tembo walikuwa njiani, mwalimu." Nikawapa hotuba ya kwanza, ile ya visingizio. Nilipokuwa katikati, Mwalimu Wambura wa chumba cha jirani akachungulia mlangoni.

"Mwalimu, samahani," akasema kwa upole. "Hicho siyo kisingizio. Hao ni tembo."

Huyo Wambura ndiye aliyenifundisha kazi. Chuoni nilifundishwa mambo mengine. Alikuwa mzee wa makamo, koti moja, chaki nyuma ya sikio, na aliweza kuchora ramani ya Afrika ubaoni huku amegeuka anamkaripia mtu. Zana zake zilikuwa maboksi ya sabuni, vizibo vya soda na kamba ya katani. Siku moja alikaa nyuma ya darasa langu, na mimi nikajitahidi sana. Nikauliza, watoto wakajibu kwa pamoja hadi bati likatetemeka. Nikatoka nimevimba kichwa.

"Umeona walivyoelewa?" nikamuuliza.

"Nimesikia kelele," akasema. "Zile kelele ni za watoto watatu."

"Na hao wengine?"

"Wengine wanafungua midomo."

Niliudhika kwa wiki nzima, kisha nikaanza kuwatazama watoto midomo. Alikuwa amesema kweli. Tangu hapo, tatizo lililonisumbua kazini kuliko mengine yote lilikuwa hilo: namna ya kumjua yule anayefungua mdomo tu. Wambura alistaafu bila kulipatia dawa, na alinikabidhi tatizo hilo pamoja na vizibo vyake.

Nikahamishiwa huku Nkende, Tarime. Shule ya hapo ilikuwa na kompyuta, zawadi ya marafiki wa mbali ambao hawakuuliza kama kuna umeme. Umeme haukuwepo. Kompyuta zilikaa stoo, zimefunikwa vitambaa vilivyodariziwa, na kila mgeni aliyekuja alipelekwa kuziona kama anayepelekwa kumwona mgonjwa. Tulizipangusa vumbi kwa zamu. Umeme ulipofika tuliziwasha kwa shangwe. Zikaomba zipewe maboresho mapya, tukakubali, na hazikuamka tena.

Kwa hiyo elimu yangu ya mtandao niliipata kwenye simu. Mdogo wangu alikuwa amekuja huku kufuata dhahabu, akaishia kuuza vipuri vya pikipiki, na aliponunua simu mpya akanipa ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Walimu vijana, mnaolalamikia mtandao, mnisikilize. Ukisimama upande mmoja wa shule yetu, simu inashika mnara wa ng'ambo ya mpaka. Nimekaribishwa Kenya kwa ujumbe mara nyingi nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, na kila nilipokaribishwa, bando liliisha.

Vitu vya bure viko vingi, hilo halina ubishi. Kila tovuti iliandika "bure" kwa herufi kubwa. Ya kwanza ilitaka kujua kwanza kama mimi ni roboti. Ili nithibitishe kwamba ni binadamu, nichague picha zote zenye bomba la zimamoto la barabarani. Nilikuwa sijawahi kuliona bomba la namna hiyo, wala Tarime sijui liko wapi. Nikabahatisha, nikakataliwa ubinadamu. Nikabahatisha tena. Kufika jioni nilikuwa binadamu, na nimepakua masomo ya sehemu kwa darasa la tano.

Masomo yalikuwa mazuri, ila yote yalifundisha kwa pitsa. Robo ya pitsa, theluthi mbili za pitsa. Mtoto mmoja akauliza pitsa ni nini. Nikasema ni chapati iliyomwagiwa mboga juu. Akauliza kwa nini wamemwaga. Tulipoteza nusu ya kipindi hapo. Kesho yake nikabadilisha pitsa zote kuwa mashamba ya kugawana ndugu, na darasa zima likawa na maoni. Ushauri wangu wa kwanza basi ni huu: pakua ukiwa Bomani, kule mjini ambako mtandao ni mzuri, soma somo mwenyewe kabla ya kulipeleka darasani, toa pitsa, toa theluji, na kinachobaki kitumie.

Sasa nifike kwenye kile mlichotaka hasa, yaani zile kadi.

Nilizijua kupitia kundi la simu la walimu wa Hisabati. Kundi hilo kwa kawaida lilikuwa la salamu za asubuhi zenye maua, lakini siku hiyo mtu alikosea akatuma kitu cha maana. Unapakua programu kwenye simu, kisha unachapisha kadi za karatasi, kila moja na mchoro wake wa miraba myeusi, na kila moja na namba. Kwenye kingo zake nne kuna A, B, C na D kwa herufi ndogo sana. Kila mwanafunzi anapewa kadi yake, na jina lake unaliandika kwenye simu mbele ya namba hiyo. Unauliza swali, mtoto anaigeuza kadi hadi herufi ya jibu lake iwe juu, kisha anaiinua. Wewe unapitisha kamera ya simu taratibu juu ya darasa, na simu inasoma kadi zote, inakuonyesha kwa kijani aliyepata na kwa nyekundu aliyekosa. Watoto hawahitaji simu. Jirani haibii, maana michoro haifanani. Inatosha simu moja na bando kidogo. Ukitaka kuuliza maswali mengi kwa mpigo unalipia. Mimi sikutaka mengi. Nilitaka swali moja lijibiwe na darasa zima.

Nikaenda Bomani kuchapisha. Kijana wa steshenari akazitazama zikitoka kwenye mashine.

"Madam, hizi ni za kulipia kwa simu?"

"Ni za Hisabati."

"Watoto wote hawa wanalipwa?"

"Wanajibu."

Akanitazama kwa huruma, akanipa bahasha.

Darasa la sita walikuwa wameniitikia "ndiyooo" wiki nzima kuhusu sehemu. Nikagawa kadi, nikauliza swali jepesi, nikapitisha simu. Ikaniletea uwanja mwekundu. Kijani kilikuwa kwa wale watatu wa Mwalimu Wambura, ambao nadhani kila darasa duniani linao, na kwa jina moja zaidi: Matinde Mwita.

Nikadhani simu imekosea. Matinde alikaa nyuma kabisa, binti mrefu kuliko wenzake, ambaye tangu aingie shule hakuna aliyemsikia akijibu swali. Ukimtaja, alisimama, akatazama sakafu, akaendelea kusimama hadi wewe uchoke. Walimu tulikuwa tumekubaliana kwamba ni mzito. Nikauliza swali la pili, gumu zaidi. Kijani. Kesho yake nikambadilishia kiti, keshokutwa nikambadilishia kadi, kwa sababu bado nilikuwa naituhumu simu. Kijani.

Nikamwita baada ya vipindi. "Matinde, mbona majibu yote unayajua? Kwa nini huwa husemi?"

Akafungua mdomo. Neno likakwama. Mishipa ya shingo ikasimama, akafumba macho, mkono ukawa unapigapiga paja lake kama unalisukuma neno litoke. "Ni-ni-ni..." Nikasubiri. Nje wenzake walikuwa wanafagia uwanja. "Ninajua, mwalimu," akasema mwishowe, akapumua kama aliyetua ndoo ya maji.

Kigugumizi, basi. Shule nzima ya watu wenye vyeti vya ualimu, na hakuna aliyekuwa amengoja hadi mwisho wa sentensi yake. Simu mbovu ya muuza vipuri ndiyo iliyongoja.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa tohara. Kwa mgeni nieleze: baadhi ya koo za huku zina miaka yao maalumu, na msimu unakuja Desemba shule zikifungwa. Wavulana wanatahiriwa. Wasichana nao, japokuwa sheria inakataza na kila mtu anajua inakataza, wapo wanaokeketwa. Mwalimu mkuu wetu, Magoiga, ni Mkurya wa hapahapa na ana mabinti. Akaja na wazo la kambi. Wasichana wa madarasa ya juu walale shuleni likizo yote, wasome, warudi nyumbani msimu ukishapita. Ila hakuiita hivyo. Aliiita Kambi ya Hisabati na Kiingereza. Hakuna aliyedanganyika, maana Hisabati haijawahi kupendwa Tarime kiasi cha mtu kulala nayo. Lakini jina liliwawezesha watu kuizungumza bila kutaja kilichokuwa kinazungumzwa.

Siku chache kabla ya mkutano wa wazazi, Matinde alibaki darasani wenzake walipotoka. Akajipanga kwa muda mrefu.

"Mwalimu, ka-ka-kambi itakuwepo?"

"Wazazi wakikubali mkutanoni."

Akatazama mlangoni. "Bibi amesema mwaka huu ni wa-wa-wangu."

Nilikuwa na simu iliyojaa majibu ya bure. La kumpa huyo mtoto halikuwemo. Nikamwambia, "Tutaona," neno ambalo watu wazima hulitumia wakiwa hawaoni chochote.

Mkutano ulifanyika asubuhi, uwanjani. Wanaume walikaa mbele kwenye madawati tuliyotoa madarasani, wanawake wakakaa nyuma chini, wametandika khanga. Kabla hatujafika kwenye kambi, Mzee Nyamhanga akasimama. Alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, mwenye ng'ombe wengi na sauti ya kuwatosha wote.

"Mwalimu mkuu, sisi siyo wajinga," akaanza. "Tumesikia watoto wetu wanapigwa picha wameshika alama za frimasoni. Mjukuu wangu anasema simu inamtambua kwa ile alama. Nauliza: inamtambua ili impeleke wapi?"

Watu wakaguna. Magoiga akanigeukia kwa uso wa mtu anayempa mwenzake sufuria ya moto. "Mwalimu wa TEHAMA atafafanua."

Nikasimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Naomba uishike mwenyewe kabla hujaihukumu."

Nikagawa kadi kwa wote, mbele na nyuma, yeyote achukue yoyote. Wanaume wengine waliishika kwa ncha za vidole. Nikaeleza namna ya kugeuza, nikauliza: "Tumbo la ng'ombe lina vyumba vingapi? A kimoja, B viwili, C vitatu, D vinne."

"Hilo nalo ni swali?" akasema Mzee Nyamhanga, na kabla sijamaliza alikuwa ameinua kadi juu ya kichwa. Nikapitisha simu. Nikasoma: "Namba saba amepata."

Akaigeuza kadi yake, akaikagua. "Saba ni mimi!" Akamgeukia jirani yake, mzee Chacha, ambaye kwa ng'ombe alimzidi. "Wewe je?"

"Simu yake mbovu," akasema Chacha.

"Umekosa, mura! Unafuga na hujui tumbo!" Uwanja mzima ukacheka. Mzee Nyamhanga akakaa sawasawa kwenye dawati la mtoto wa darasa la kwanza. "Uliza lingine, mwalimu."

Nikauliza lingine, na lingine. Frimasoni hawakutajwa tena. Nilianza kuona kwamba tatizo litakuwa kumnyang'anya kadi.

Ikafika ajenda ya kambi. Magoiga akaeleza mahindi yatakayohitajika, maharage, kuni, vyandarua. Wanaume wakachangia kwa bidii. Nani atachunga ndama? Kuni zitatoka wapi? Je, mtoto akipata malaria? Maharage yalijadiliwa kwa marefu na mapana, na ungekuwa mgeni ungedhani huku watu wanakufa kwa ajili ya maharage. Wanawake hawakusema neno. Nikajua mwisho wake. Mwalimu mkuu angesema wanaokubali wanyooshe mikono, wanaume wangetazamana, wanawake wangewatazama wanaume, na kambi ingekufa bila mtu kuiua.

Magoiga alipofungua tu mdomo, Mzee Nyamhanga akamkatiza.

"Mikono ya nini, kama watoto? Makadi si tunayo? Uliza kwa makadi, mwalimu. Watu wana ng'ombe wa kunywesha."

Sikusubiri arudie. Nikaandika kwenye simu: Kambi iwepo? A ndiyo, B hapana. Simu ikagoma. Ikasema kila swali lazima liwe na jibu sahihi, nichague. Aliyeitengeneza ile programu hakufikiria mwalimu anayeuliza asichokijua. Nikachagua A, na hadi leo hakuna aliyenishtaki.

"Mtu asimwonyeshe jirani," nikasema. "Ni kama mtihani."

Watu wakainama. Kule nyuma niliona kadi zikigeuzwa chini ya khanga. Mama Matinde alikuwa karibu na ukuta, mtoto mgongoni. Aligeuza kadi yake, akaitazama, akasogeza kidole hadi kwenye herufi ya juu kuhakikisha, kisha akaishika kifuani kwa mikono miwili. Mume wake, Mwita, alikuwa dawati la tatu mbele yake na hakugeuka. Hakuwa na sababu ya kugeuka.

Nikapitisha simu. Katikati ya kusoma simu ikapata ujumbe: nakaribishwa Kenya. Nikasogea hatua kadhaa kuelekea vyoo hadi nikarudi Tanzania. Jibu likatokea. Nikampa Magoiga simu asome.

"Ndiyo zimeshinda," akasoma. Akatazama tena. "Kwa mbali."

Mzee Nyamhanga akawapitishia macho wanaume wenzake mmoja mmoja. Nadhani alikuwa anafanya hesabu, na hesabu ilikuwa inakataa.

"Nani amesema ndiyo?" akauliza. "Si mlisema simu inatambua? Ituonyeshe majina."

Nikampelekea. Akaishika simu mbali na macho, akasoma kwa sauti: "Juma Mwita, ndiyo. Nyangi Marwa, ndiyo. Samweli..." Akanitazama. "Hawa ni watoto!"

"Ndiyo, mzee. Kadi ni za watoto. Simu inawajua watoto tu."

"Basi kila mtu aonyeshe kadi aliyoshika."

Watu wakageuka nyuma. Kadi za wanawake zilikuwa zimeshakusanywa. Mama Matinde alikuwa nazo zote kwenye mapaja, anazichanganya na kuzisawazisha kingo kama mtu nadhifu anayejiandaa kuzirudisha kwa mwenyewe. Mwita akamuuliza kutoka kwenye dawati, kwa Kikurya kwanza, kisha kwa Kiswahili ili sote tusikie: "Kadi yako ilikuwa ipi?"

"Sikuangalia, baba Matinde," akasema. "Kwani zilikuwa na tofauti?"

Mwanamke mmoja akakohoa, mwingine akafunika mdomo kwa khanga. Mzee Nyamhanga akanirudishia simu yangu. Ili ayakatae matokeo ilibidi ayakatae makadi, na makadi aliyataka mwenyewe mbele ya watu wote.

"Ni mimi niliyesema tutumie makadi," akasema hatimaye, kama anayejikumbusha. "Basi. Andika imepita."

Kuna jambo moja walimu wenzangu wameniuliza kwa miaka. Ni kweli kwamba simu ilihifadhi majibu, na ni kweli kwamba namba saba ilikuwa ya Mzee Nyamhanga, na kwa hiyo ni kweli kwamba najua alijibu nini. Sijamwambia mtu. Na hapa pia sitaandika.

Kambi ikawepo. Mzee Nyamhanga akawa mwenyekiti wa kamati yake, kwa hoja kwamba wazo la kupiga kura lilikuwa lake. Wageni walipokuja na kamera na bango, aliwaeleza teknolojia hiyo kwa ufasaha, akashika kadi juu chini, akapigwa picha. Sikuwa na sababu ya kuigeuza.

Lakini nisiwadanganye. Kuna wasichana ambao majina yao yalikuwa kwenye orodha na magodoro yao hayakufika. Wazazi wao waliwapeleka kusalimia mashangazi ng'ambo ya mpaka wiki moja kabla. Januari walirudi darasani, wakakaa kwenye madawati yao, wakashika kadi zao, wakajibu maswali yangu. Hapo sina mzaha wa kuweka.

Matinde alikuja. Mama yake alimleta asubuhi mapema, godoro kichwani, akaliweka chini, akanisalimia, akaondoka bila kusema kitu kuhusu Hisabati wala Kiingereza.

Baada ya siku kadhaa Mwita akatokea getini. Alikuwa mpole, amevaa shati la Jumapili.

"Nimekuja kumchukua binti yangu," akamwambia Magoiga. "Kuna mgonjwa nyumbani."

"Pole sana. Nani mgonjwa?"

"Bibi yake. Hali si nzuri. Anamtaka mjukuu wake."

Magoiga akanitazama. Baba amekuja kumchukua mtoto wake, kuna mgonjwa. Mwalimu atasema nini? Wasichana walikuwa wametoka darasani, wamesimama kwenye veranda. Matinde akasogea mbele hadi akawa karibu na baba yake.

"Ba-ba-ba..." Shingo ikakaza. Mwita akaanza kusema, "Haya, kachukue vitu vyako," lakini Magoiga akainua mkono.

"Mzee Mwita, mtoto anaongea."

Tukangoja. Mkono wake ulikuwa unalipiga paja. Hakuna aliyecheka, hata wale wadogo. "Baba, bibi ni-ni-nimemwona ja-jana. Alipita hapa ba-ba-barabarani. Alikuwa ana-na-natoka mnadani. Amebeba mbu-mbuzi."

Ilichukua muda mrefu, na ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akiimaliza. Mwita akatazama barabarani kana kwamba huenda mama yake bado yupo na mbuzi. Kisha akatazama viatu vyake.

"Labda ameugua leo," akasema.

"Labda," akasema Magoiga. "Akizidiwa tutakuja sote na Matinde kumwona. Na muuguzi wa zahanati tutamchukua."

Mwita akaomba maji. Matinde mwenyewe akamletea kwenye kikombe. Akanywa yote, akamrudishia, akamshika kichwani kidogo kwa kiganja, akaondoka. Hakurudi tena hadi siku ya kufunga kambi, alipokuja na baiskeli kubeba godoro. Bibi alimnunia mjukuu wake karibu mwaka mzima, na nasikia mbuzi yule alikuwa wa sherehe.

Mwaka uliofuata walioitengeneza ile programu ya kadi walinitumia barua pepe ya furaha kunijulisha kwamba wameboresha huduma. Kuboresha maana yake ni kwamba mambo niliyokuwa nayatumia sasa yanalipiwa. Tovuti nyingine niliyoipenda ilifungwa, nyingine ikaanza kuleta matangazo ya kamari katikati ya somo la mzingo wa duara. Kwa hiyo sitawaandikia majina ya vifaa, maana mkifika mtakuta yamebadilika. Vitafuteni wenyewe. Vipo vizuri, na vingine vitakaa kwa muda. Ukikipata, usikiulize kama ni kipya. Uliza kama kitakufikisha kwa mtoto aliye nyuma kabisa, na kama kitahitaji bando kiasi gani.

Matinde sasa yuko kidato cha nne, bweni, mbali kidogo na hapa. Likizo anapokuwa nyumbani huchukua simu ya mama yake akanitumia ujumbe wa sauti. Anapenda kuniambia matokeo ya Hisabati, na kunilalamikia mwalimu wa Fizikia, na siku hizi ananiuliza nafanya nini kutwa nzima bila watoto. Mambo ambayo mwingine angeyamaliza kwa pumzi moja, yeye huyapeleka taratibu, anakwama, anarudi, anaanza tena, na nyuma yake nasikia kuku na mama yake akiimba.

Mdogo wangu alinikuta juzi nimekaa nje na simu sikioni. Akaichukua, akanionyesha alama ndogo pembeni ya ujumbe. Ukiibonyeza, sauti inakwenda mbio mara mbili. "Bure kabisa, dada," akasema, "utaokoa muda."

Nikamshukuru. Nikairudisha simu sikioni, nikaanza ujumbe upya kutoka mwanzo, na alama ile sikuigusa.